Je, Wajua kwa Nini Gome la Muthiga Huwasha Ulimi na Kuua Fangasi?

Ukipita kwa wauza miti shamba mjini Nakuru hutakosa vipande vya gome la muthiga, kahawia kwa nje na vyekundu kwa ndani. Wamaasai huuita mti huo osokonoi, Wakalenjin soget. Tafuna kidogo. Kwanza unasikia uchungu wa kawaida wa mti, halafu pilipili inapanda taratibu, inashika ulimi na haitoki upesi.

Pilipili hiyo ndiyo dawa yenyewe. Mwaka 1976, Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walichapisha utafiti kuhusu kinachowafanya viwavijeshi wakatae kula miti ya jamii hii. Walikuta kemikali kali, mojawapo ikiwa poligodiali. Baadaye ikabainika kwamba kemikali hiyohiyo huua kandida.

Kandida ni fangasi wa jamii moja na hamira tunayotia kwenye mandazi. Hukaa mdomoni, tumboni na ukeni bila ubaya wowote, mpaka kinga ya mwili ishuke au antibiotiki ziue bakteria wanaomzuia. Hapo ndipo mdomo unapofanya utando mweupe, au mwanamke anapoanza kuwashwa na kutokwa na uchafu mzito mweupe. Kwa hiyo kumeza amoksilini, ambayo ni antibiotiki, kwa ajili ya mwasho huo ni kutia petroli motoni.

Kumuua fangasi si rahisi, kwa sababu seli yake inafanana na yetu kuliko ya bakteria. Flukonazoli, dawa ya hospitali ya fangasi, humzuia kutengeneza ergosteroli, mafuta ya utando wa seli yake ambayo mwili wetu hauyatumii. Lakini wapo kandida waliokwisha kuwa sugu, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka aina mbili za kandida katika kundi la fangasi hatari zaidi. Poligodiali hupitia njia nyingine: hunasa protini na kuuharibu utando wa seli, ukaanza kuvuja.

Maabara huloweka gome katika alkoholi au kiyeyushi kingine, kisha hudondosha dawa juu ya sahani iliyooteshwa fangasi na kupima kwa milimita duara lililobaki tupu. Sufuria ya nyumbani ina maji, na poligodiali huyeyuka vibaya majini. Tena, sahani haina ini wala figo, kwa hiyo haituonyeshi dawa itafanya nini mwilini. Nawasihi dada zangu: kinachochoma ulimi kitachoma uke pia, msikiweke huko. Nendeni mpimwe kwanza, maana si kila mwasho ni kandida.

Na mti wenyewe unaumia. Ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote, chakula kinachotoka majanini hakifiki tena mizizini, na muthiga unakufa wima. Majani nayo yana ukali huo, na tawi likichumwa majani huchipua tena.