"Tisa milimita" si risasi moja

Hapa Tabora nimewasikia walinzi wa maghala ya tumbaku miaka nenda rudi: "Bastola ni tisa milimita, risasi ni tisa milimita, basi zinaelewana." Hapana. Namba hiyo ni kama jina la Juma, wako wengi.

Zipo walau aina tatu za risasi za jina hilo zinazochanganywa: Luger, Makarov na ile fupi. Ganda, yaani kopo linaloshika baruti, la risasi ya Luger lina urefu wa milimita 19, la Makarov 18, na la hiyo fupi, iitwayo pia .380, ni 17. Milimita moja kiganjani huioni, hasa usiku lindoni. Tena kichwa cha Makarov, kile kipande kinachoruka, ni kinene zaidi, takriban milimita 9.27, ilhali cha Luger ni 9.01. Kukilazimisha kipite katika mtutu mwembamba kunapandisha mgandamizo wa gesi.

"Lakini imeingia yenyewe!" Kuingia si hoja. Ile fupi huweza kuingia katika bastola ya Luger, hata ikafyatuka, huku ganda halijakaa mahali pake, linaweza kupasuka.

Soma maandishi ya kitako cha risasi, kisha maandishi yaliyochongwa kwenye bastola. Yalingane neno kwa neno. Risasi za kijeshi mara nyingi zina alama ya kiwanda na mwaka tu, bila jina. Hizo usizitumie kwa kubahatisha, zipeleke polisi.

Mlio ukitoka dhaifu kuliko kawaida, acha papo hapo: huenda kichwa kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata itakikuta humo.