Koseti haikuhitaji mbavu kung'olewa

Bado inasimuliwa kwamba wanawake wa Uingereza wa karne ya 19 walitolewa mbavu ili koseti, lile vazi la kubana kiwiliwili kwa kamba mgongoni, liwape kiuno chembamba. Ushahidi wa kitabibu haupo. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani 1846, na daktari mpasuaji Mwingereza Joseph Lister akatangaza njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda 1867. Kabla ya hapo, upasuaji wa namna hiyo ungekuwa kujitakia kifo. Siri ilikuwa kwa mshonaji: kifua na nyonga viliongezewa pamba, sketi zikatanuliwa, kiuno kikaonekana kidogo. Ni ufundi unaostahili heshima! Hata watumishi wa nyumbani walivaa koseti, na walipiga deki wakiwa wameivaa.