Armstrong hakusikia adhana Mwezini

Barazani Lamu bado utawasikia vijana wakiulizana: ni kweli Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, alisikia adhana Mwezini, akarudi akasilimu? Hapana. Chombo chake, Apollo 11, kilitua tarehe 20 Julai 1969, mahali pasipo na hewa ya kubeba sauti. Yeye na mwanaanga mwenzake, Buzz Aldrin, walisikilizana kwa redio tu, wakiwa ndani ya mavazi yaliyozibwa kabisa. Armstrong mwenyewe alikanusha. Mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliziandikia hata balozi zake kwamba hakubadili dini (porojo chache hupata heshima ya waraka wa serikali!). Na ile Lebanon aliyoishi, ambayo wengine huitaja kama ushahidi kwamba alisilimu, ni mji wa jimbo la Ohio, Marekani, si nchi yenye Beirut.