Rafiki akikwambia anataka kufa, usiitunze siri hiyo

Kijana balehe ni nani?
Mwenye miaka 10 hadi 19. Shirika la Afya Duniani linasema mmoja kati ya saba wa umri huo ana tatizo la afya ya akili.

Marafiki wanahusikaje?
Sana. Katika umri huu mara nyingi neno la mwenzake lina uzito kuliko la mzazi. Wakimkubali, anapata nguvu hata kama nyumbani kuna misukosuko. Wakimtania umbo lake, au wakimtoa kwenye grupu la WhatsApp darasa zima likiona, usingizi unapotea, chakula hakipiti, shule haitaki tena. Bangi na pombe nazo wengi huonjeshwa na wenzao, ili wasionekane washamba.

Dalili gani inapuuzwa?
Sweta kwenye jua la mchana. Mama anamleta kwangu hospitalini binti anayeumwa kichwa kila siku. Nikimwomba akunje mkono wa sweta nimpime presha, nakuta mikato mipya aliyojikata mwenyewe juu ya makovu. Mama anashtuka. Kumbe rafiki yake wa dawati moja anajua tangu muhula uliopita. Haya nayaona mara kwa mara: wenzake wanajua, wakubwa hawajui.

Ameniapisha nisimwambie mtu. Nifanyeje?
Sema. Leo. Mwambie mzazi, mwalimu wa malezi, matroni au mhudumu wa afya, na usimwache peke yake mpaka mtu mzima afike. Atakununia? Anune, lakini awe hai.

Si wanasema anayetangaza kufa hafi, anataka tu kuonewa huruma?
Si kweli. Wengi waliojiua walikuwa wametoa ishara kabla. Narudia: si kweli. Na kumuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?", hakumwingizii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kusema.

Tusubiri kwanza tuone?
Hapana. Msisubiri mitihani iishe, msisubiri baba arudi safari. Kumchapa na kumwambia anadeka, tafadhali acheni kabisa. Maombi yaendelee, lakini hospitali aje leo, hata kama sasa hivi anacheka.

Nyumbani tufanye nini?
Dawa zote na sumu za shambani zifungiwe, ufunguo akae nao mtu mzima. Mkihitaji ushauri, Tanzania na Kenya pigeni 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure.