Kipimo kizuri, mgonjwa kaburini: dhana potofu kuhusu tafiti za moyo

Dhana iliyo ngumu kung'oka ni ile ambayo hata madaktari bingwa waliishikilia: dawa ikirekebisha kipimo, imemtibu mgonjwa.

Ilijulikana kwamba waliopona mshtuko wa moyo kisha mapigo yao yakabaki kurukaruka hufa zaidi kuliko wenzao. Basi wakapewa dawa za kutuliza mapigo, flekainidi au enkainidi, mapigo yakatulia, karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi. Nani angebisha? Marekani ikazipima dawa hizo katika jaribio lililoitwa CAST: wagonjwa wakagawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Katika 755 waliomeza dawa walikufa 63. Katika 743 wa vidonge vitupu walikufa 26. Dawa hizo ziliondolewa kwenye jaribio mwaka 1989.

Bila kundi la pili, vifo vile vingepita kimya, kwa sababu mgonjwa wa moyo akifa kila mtu husema moyo ndio uliomuua.

Ndiyo maana nashangaa nikisikia kwamba wanaopewa vidonge vitupu wanatolewa kafara. Hapa wao ndio walionusurika! Isitoshe, palipo na tiba iliyokwisha kuthibitika, kwa kawaida dawa mpya hushindanishwa na hiyo, au wote huendelea nayo.

Dhana nyingine ni ya aspirini: "Kidonge kimoja kila asubuhi, moyo hautakusumbua." Imetoka kwenye ukweli uliovutwa kupita kiasi. Jaribio la ISIS-2 la mwaka 1988, lenye wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupata mshtuko wa moyo, lilionyesha aspirini ikipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 ndani ya wiki 5. Hao walikuwa wagonjwa tayari. Jaribio la ASPREE, lililotoa majibu mwaka 2018, liliwapa aspirini wazee wasio na ugonjwa wa moyo huko Australia na Marekani. Haikuwakinga kwa kiwango cha kuonekana, na iliongeza kuvuja damu kwa hatari. (Uliyeandikiwa na daktari, usiache kwa kusoma haya, muulize yeye.)

Na wapo wanaodhani moyo ni ugonjwa wa watu wazima wenye vitambi, na tafiti zake ni za Ulaya. Kaskazini mwa Uganda walipimwa watoto wa miaka 5 hadi 17, wakaingizwa kwenye jaribio 818 ambao vali zao, yaani milango ya moyo, zilikuwa zimeanza kuharibika bila dalili yoyote. Uharibifu huo huanzia kwenye maambukizi ya koo, yale tunayoyapuuza tukisema ni mafua tu. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Majibu yalitoka mwaka 2021: waliochomwa, hali ilizidi kuwa mbaya kwa watoto 3, wasiochomwa, 33.