Akriliki Nzito Haitaki Upepo Mwingi

Hapa Bagamoyo, mchoraji anayeanza kutumia brashi ya hewa, kifaa kinachopuliza rangi kwa upepo, huambiwa hivi: rangi ya akriliki ikigoma kutoka, ongeza upepo wa kompresa, mashine inayosukuma hewa. Si kweli, na ushauri huo unaharibu kazi. Upepo mkali huharakisha rangi kukaukia kwenye ncha ya sindano iliyo ndani ya brashi, na akriliki ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji. Mchana wa jua kali ndiyo kabisa.

Kinachoamua zaidi ni tundu la nozeli, yaani mdomo wa mbele rangi inapotokea. La milimita 0.2 linafaa wino na rangi nyepesi sana. Akriliki ya kopo huliziba upesi. Tafuta la 0.5 au kubwa zaidi. Kikombe cha rangi kikiwa juu ya brashi, rangi hushuka yenyewe na upepo mdogo unatosha. Kikiwa chini, lazima ivutwe na upepo.

Hata hivyo, rangi nzito kama uji haipiti vizuri hata hapo. Izimue mpaka itiririke kama maziwa, uichuje kwa soksi laini ya nailoni. Tafadhali usitegemee maji peke yake: yakizidi, gundi iliyomo hudhoofika na rangi hubanduka. Nunua kizimulio cha akriliki chenyewe.