Je, Wajua Kwa Nini Fundi Umeme Huja Mara Mbili?

Ukikarabati nyumba Dar es Salaam utaliona hili mapema. Fundi umeme anafika na tindo, anachimba kuta, anazika bomba za kupitishia nyaya na boksi za swichi, kisha anaondoka. Wiki zinapita. Mwenye nyumba anaanza kupiga simu: mbona hata taa moja haijawaka? Fundi anajibu kwamba hajaitwa. Na kweli hajaitwa, maana kazi yake ina nusu mbili, na katikati yake kuna mafundi wanne au watano wanaopaswa kupita kwanza.

Nusu ya kwanza ni ile itakayofichwa ndani ya ukuta na juu ya dari. Nusu ya pili ni ile itakayoonekana: swichi, soketi, taa, pangaboi. Ukifunga swichi kabla ya lipu na rangi, zitajaa saruji na kuchafuka, na huenda nyingine zikaibwa. Fundi bomba naye ni vivyo hivyo: anazika bomba kwanza, anarudi mwishoni kufunga sinki, choo na koki. Kwa hiyo mkandarasi anayejua kazi hupanga ratiba kwa kujiuliza: nini kitafunikwa, na nani atakifunika? Kila kinachofunikwa lazima kiwe kimekamilika na kupimwa kabla anayefunika hajaingia.

Bafu ndilo linaloonyesha hili kuliko chumba kingine chochote. Eneo la mita mbili kwa mbili linaweza kupitiwa na vibarua wa kubomoa, fundi bomba, fundi umeme, mwashi, fundi marumaru, fundi wa dari, fundi rangi na seremala. Chukua kitu kimoja tu: koki ya bafu ya kuchanganya maji moto na baridi, ile inayozikwa ukutani. Hutengenezwa ikae kwenye kina maalumu, na kina hicho hupimwa kutoka uso wa marumaru, wala si uso wa tofali. Sasa siku fundi bomba anapochimba, marumaru hayapo, gundi yake haipo, lipu haipo. Lipu ya milimita 15, gundi ya milimita 5 na marumaru ya milimita 9 ni karibu sentimita 3 za ukuta ambao bado haujazaliwa. Akikisia, koki itazama na kifuniko chake kisifike, au itachomoza na kuacha pengo ambalo maji yatapenya.

Ndiyo maana mkandarasi anakusumbua uchague marumaru wakati bafu lako bado ni kifusi. Anataka boksi moja la marumaru na koki yenyewe viwepo saiti siku bomba linapozikwa, fundi apime kwa kitu kilicho mkononi.

Kisha unakuja upimaji. Bomba zikishaunganishwa huzibwa miisho, hujazwa maji na kusukumwa kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji, na mshale huachwa uangaliwe. Ukishuka, kuna kiungo kinachovuja, na kukirekebisha wakati huo ni kazi ya dakika chache. Sakafu nayo, ikishapakwa dawa ya kuzuia maji, huzibwa tundu la kutolea maji, ikajazwa maji sentimita chache na kuachwa saa 24. Anayeruka hatua hizi mbili ili kuokoa siku moja hajui gharama ya kung'oa marumaru, na mimi sioni sababu ya kumvumilia.

Mteremko wa sakafu hiyo, ambao kwa kawaida ni sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, unategemea watu watatu. Fundi bomba anaamua tundu litakaa kimo gani, mwashi anamwaga sakafu, fundi marumaru anamalizia. Kila mmoja ana pima maji yake, kifaa cha kupimia usawa, na kila mmoja akiulizwa atasema upande wake uko sawa. Mkandarasi huwapa wote alama moja ya kimo, mstari uliochorwa ukutani ambao kila kipimo hutoka kwake. Seremala naye husubiri, maana mlango uliokatwa kabla ya marumaru utakwaruza sakafu.

Ila kinachomtoa jasho mkandarasi zaidi ya kazi za mafundi ni kazi isiyo na mwenyewe. Fundi umeme alitoa bei ya kuchimba na kuweka nyaya. Mwashi alitoa bei ya lipu ya kuta mpya. Ile mifereji iliyochimbwa kwenye ukuta wa zamani, nani anaiziba? Pangaboi halishikwi na bodi ya jipsamu, linahitaji mbao imara au zege lililo juu yake. Nani anaiweka hiyo mbao kabla dari halijafungwa? Fundi jipsamu haijui ramani ya umeme, fundi umeme hashiki misumari ya dari. Hita ya maji inahitaji waya mnene kuliko wa soketi za kawaida na swichi yake peke yake, na uamuzi wa kuinunua ukija baada ya marumaru, ukuta unapasuliwa upya. Mkandarasi mzuri huzikagua fani mbili mbili na kuuliza kati ya huyu na yule kuna nini ambacho hakuna aliyekitaja kwenye bei yake.

Halafu kuna saruji, ambayo haisikilizi simu. Zege hupimwa nguvu yake siku ya 28, na linahitaji kumwagiliwa maji walau wiki moja ya mwanzo. Lipu ikipakwa rangi ingali mbichi, rangi hufura na kubanduka, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuta za Pwani hukauka polepole mno. Siku hizo saiti huonekana imelala, mwenye nyumba akadhani anaibiwa. Kumbe ndipo fundi wa aluminiamu anapopima madirisha kwa uwazi halisi, lipu ikiwa tayari, na makabati yanapochongwa karakana.

Utaratibu wa fani zote kuwa chini ya mtu mmoja una historia yake. London, mwanzoni mwa karne ya 19, mwenye jengo kwa kawaida aliingia mkataba na kila fani peke yake. Thomas Cubitt, seremala aliyezaliwa 1788, alianza karibu na mwaka 1815 kuajiri mafundi wa fani zote kwa kudumu chini ya kampuni moja. Kwa kuwa mishahara ililazimu kulipwa hata kazi ikikosekana, akajenga nyumba kwa mtaji wake, na mitaa mizima ya Bloomsbury na Belgravia ni kazi ya mikono hiyo.

Leo makandarasi wengi wa nyumba wamelikwepa tatizo la Cubitt kwa kuwaita mafundi kwa kazi, na wakapata tatizo jingine. Fundi marumaru hodari ana saiti tatu kwa wakati mmoja. Ukimwambia Jumatatu na akakuta lipu haijaisha, anaenda kwa mwingine, na wewe utamsubiri mpaka amalize huko. Nyuma yake fundi rangi na fundi umeme wa mara ya pili nao wanasogea. Chelewa ya siku mbili inazaa ya wiki mbili. Kwa hiyo mkandarasi huwalinda mafundi wake: wakifika wakute maji, umeme na vifaa, na hatua ikiisha walipwe siku hiyohiyo. Mafundi hupeana habari za saiti zenye malipo ya kusuasua.

Tanzania, makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, wa majengo wakipangwa daraja la kwanza hadi la saba. Leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Lakini ukarabati mdogo mara nyingi huongozwa na mwashi mzoefu, na wengi wao ni waaminifu na wanaweza kazi. Angalia tu kwamba jicho lake liko kwenye ukuta wake. Mambo ya waya na bomba muulize wewe mwenyewe, kwa maandishi, kabla hajachanganya saruji ya kwanza.

Na kama umeamua kuisimamia kazi wewe, piga picha kila ukuta kabla ya lipu, futi kamba ikiwa imenyooshwa ndani ya picha kuanzia konani. Siku fundi wa makabati atakapotaka kutoboa, utamwonyesha bomba la maji moto liko sentimita ngapi kutoka kona, naye atatoboa pembeni yake.